Klachi Imekwisha, Kingi

Chumba cha nyuma, Majengo. Asubuhi ya Ijumaa.

"Sonara Abdulghafur hufunga duka kwa swala," alisema Kingi, akichora kichochoro mezani kwa kidole kilicholowa chai. "Msikiti ukijaa, Mji wa Kale hauna mtu. Twavunja mlango wa nyuma, twabeba sefu nzima, twapanda kilima, twatokea Tudor. Watu wakitoa salamu, sisi hatupo."

Menza, mtu wa kubeba, alitikisa kichwa kukubali. Kichwa chake hakikuwahi kupewa kazi nyingine.

Chengo, dereva, alikuwa ametoka jela juzijuzi. Mama yake hajiwezi kitandani. Akirudi ndani tena, mama atazikwa na majirani.

"Klachi yateleza," alisema. "Nimeipima uani. Nimevuta breki ya mkono, nikatia gia ya tatu, nikaachia klachi. Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika. Pleti imekwisha. Tungoje Ijumaa ijayo, nitie nyingine."

Kingi alicheka. "Gari ni mafuta na mguu, bwana. Sema umeingiwa na woga."

Mjinga huyu! Ndiye aliyeiunguza. Kila akishika usukani hulaza mguu juu ya klachi kama amekaa barazani, na mlimani hulizuia gari kwa klachi hiyo hiyo, hataki breki, ati ndio udereva. Na huyu ndiye mkubwa wao.

Adhana.

Mlango ulivunjika kwa pigo moja. Sefu ilikuwa nzito kuliko akili zao wote wawili.

"Ivunjeni hapa, tubebe dhahabu tu," alinong'ona Chengo. "Gari halitaweza."

"Dereva haulizwi," alisema Kingi. Menza akapanda na sefu, gari likadidimia nyuma.

Hotuba ya pili.

Chengo alitia gia ya kwanza, akagusa mafuta kidogo tu. Klachi iliyochoka hubembelezwa. Gari likapanda. Kidogo kidogo, lakini likapanda.

"Watuchelewesha makusudi! Umetuuza!" Bastola ya Kingi ikamgusa ubavuni. "Shuka! Kasukume!"

Akavuta breki, akashuka. Kingi akahamia kwenye usukani, akaachia breki, akakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikaunguruma, gari likabaki palepale. Moshi ukatoka, na harufu ya kuungua. Akakanyaga tena, jinga kubwa.

Salamu.

Watu wakamiminika kichochoroni na kanzu zao. Na watu wa Mji wa Kale wakiona gari limekwama hawakuulizi wewe ni nani. Wanakunja mikono ya kanzu.

"Haya, bismillahi, kwa pamoja!"

Mzee mmoja aliweka viganja kwenye kioo cha nyuma, ubavuni mwa Chengo, akasukuma. Kisha akaacha. Akachungulia ndani.

"Hii sefu yangu," alisema Abdulghafur.

Wote wakaondoa mikono. Kingi akatoa kichwa dirishani. "Mbona mmeacha? Sukumeni!"

Mzee akamgeukia Chengo. "Wewe, kijana, wawajua hawa?"

Chengo alifuta mikono kwenye suruali, taratibu.

"Siwajui, ami. Nami nimeitwa tu kusukuma. Lakini hiyo klachi imekwisha. Hawafiki popote."