Aliyemfuata Deolinda

"Dada, mbona humu ndani kuna mama mwingine analia?"

Mtalii mmoja alikuwa amechomoa kidude cha sikioni, cha kumsikilizia kiongozi wao, na kukikung'uta. Deolinda da Luz, kibendera cha njano mkononi, alicheka. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni Makau, mji wa pwani ya Uchina, na siku hiyo walikuwa juu ya ngazi za kanisa la Mtakatifu Paulo lililoungua zamani, chini ya ukuta wa mbele uliobaki peke yake.

"Utakuwa umenasa sauti ya kundi jingine, kaka," alisema kwenye kipaza sauti chake. "Haya, nifuateni! Wote mnaonisikia, leo ninyi ni wageni wangu!"

Ulikuwa mwezi wa saba wa Kichina, wafu wasio na ndugu wanapozunguka na njaa zao, na watu huchunga midomo. Deolinda alisahau.

Jioni alikuta mama yake, Dona Filomena, amepakua minchi, nyama ya kusaga na viazi, sahani tatu. Nyumba nzima ilikuwa na watu wawili.

"Hii ya nani, Mama?"

"Ya mgeni wako. Si umeingia naye? Maskini, kalowa miguu yote."

Deolinda hakuona mtu. Alisikia harufu tu, ya tope la bandarini maji yakishatoka.

Harufu ile haikuondoka. Mchana kweupe alimsikia mama yake akinong'ona jikoni kwa ile lugha ya kale ya nyumbani, ambayo waliokuwa wakiizungumza wengi wamekwisha kuzikwa, na kitu kikimjibu. Sahani zilirudi tupu, lakini mama alikonda hadi pete ikamdondoka kidoleni. Padre akaja, akanyunyiza maji ya baraka, akatoka kabla ya kumaliza sala. Ndipo Deolinda akamwita Leong Sam-ku, mganga wa kutoa mizimu, naye akagoma kuvuka kizingiti.

"Huyu hakutumwa na mtu. Wewe ndiye uliyemkaribisha," alinong'ona. "Sasa mtembeze kama ulivyoahidi, umfikishe hekalu la A-Ma, mungu wa kike wa mabaharia, kando ya bahari. Utamsikia nyuma yako. Usigeuke, hata ikiwa sauti ya nani."

"Na akikataa kwenda?"

Sam-ku akafunga mkoba wake. "Wewe usigeuke tu."

Kesho yake mchana Deolinda alichukua kibendera chake, akasema pale sebuleni, mama yake akiwa chumbani, "Nifuate," na akatoka, akapita uwanja wa Senado wenye vijiwe vilivyopangwa kama mawimbi, akapandisha kwenye kanisa la Mtakatifu Lorenso, akashuka hadi kiwanja cha Lilau, akieleza kila jengo kwa sauti iliyokauka huku watu wakimpisha kama mwendawazimu, na nyuma yake nyayo zikiburuzika, zikipumzika, zikiburuzika tena, hata walipokaribia hekalu, katikati ya moshi wa udi, sauti ya mama yake ikamwita, "Linda, mwanangu, nisubiri, miguu inaniuma," naye akauma meno, machozi yakimtiririka, akaendelea hadi ukingoni, akanyoosha kibendera kuelekea majini, akazisikia zile nyayo zikimpita pembeni huku amefumba macho, kisha kishindo kidogo cha maji.

Alikimbia hadi nyumbani. Harufu ilikuwa imekwisha. Mama alikuwa mezani, mashavu yamejaa, anakula kwa raha. Deolinda alimkumbatia akalia kama mtoto.

Simu ikaita. Ilikuwa Ah Fong, muuza udi wa pale hekaluni, anayewajua tangu zamani.

"Dada Linda, njoo haraka. Mama yako wamemtoa majini sasa hivi, amekwisha kufa." Alikuwa akilia. "Nimemwona mwenyewe akikufuata na kandambili zake, anakuita, anakuita. Mbona hukugeuka?"

Deolinda aliibana simu sikioni. Nyuma yake, kijiko kiliacha kugonga sahani.

"Nani huyo, mwanangu?" iliuliza sauti ya mama yake, ile ile kabisa. "Hebu kata simu, uje uniongezee."

Akakata simu. Akachukua sahani, akaenda jikoni.