Aliyesoma Nywila za Katindiuka

Saa saba mchana kisanduku cha mtandao cha zahanati ya Katindiuka kilianza kunuka tope na kambale. Dativa, fundi wa kompyuta, alidhani ni panya aliyekufa nyuma ya kabati. Alipoinama, akasikia sauti nyembamba, yenye dharau, ikisoma nywila za watumishi.

"Dada Scola," alimnong'oneza muuguzi, "unasikia?"

"Imetaja yangu. Hata mume wangu haijui."

Dativa hakushangaa sana. Waliotengeneza kisanduku walikwishaonya kwamba kina tundu, mtu wa mbali aweza kuchota siri zote zilizomo. Dawa ilikuwa programu mpya na nusu saa ya kuzima mtandao. Mara tatu alimwomba mkuu wa zahanati, Mzee Telesphory. Mara tatu alijibiwa, "Binti, nani ana haja na Katindiuka?"

Sasa Mzee akaleta mganga kutoka Mofu, akiwa na usinga na ubani. Sauti ikacheka, ikataja namba ya siri ya simu ya mganga. Mganga akaondoka peku, viatu ameviacha mlangoni.

Kisha ikaachana na nywila ikafungua mafaili ya wagonjwa, ikaanza kutaja majina ya wanaomeza dawa kwa siri, moja baada ya jingine, taratibu, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabenchi ya nje, ambako watu walikaa wameinamisha vichwa, kila mmoja akiomba Mungu lisifuate lake.

"Huyu hataki ubani, Mzee," Dativa alisema. "Niruhusu nizime."

"Wagonjwa watasema hatujui kazi."

"Wameshasema."

Akachomoa waya bila ruhusa, akaweka programu mpya. Harufu ikapotea.

"Tubadilishe nywila zote," alisema. "Alizosoma bado anazo."

Wote walibadilisha siku ileile, isipokuwa Telesphory. Yake ilikuwa "mkubwa1". Alisema mtu wa cheo chake hafundishwi kufunga mlango na mtoto wa juzi.

Asubuhi yake alisimama mbele ya watumishi na wagonjwa kueleza jinsi alivyomfukuza jini. Akafungua kinywa. Iliyotoka ni ile sauti nyembamba, ikiendelea na majina kutoka pale ilipokatizwa, na Mzee, mikono yake miwili imekamata taya asizoweza kuzifunga, alikuwa akilia.