Sentimita Zilizofichwa

Lifti ya jengo la bima ilikuwa imekufa tangu asubuhi, na ngazi zilijaa watu wenye haraka zao. Katikati yao alikuwa akishuka dada mmoja mrefu, gauni la njano, magongo mawili, goti limefungwa bendeji nene. Alitanguliza mguu mzima, akayumba.

"Dada, simama hapo hapo!" Kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alimdaka kiwiko. "Ukishuka, magongo na mguu unaouma ndio vitangulie. Ukipanda, mguu mzima. Nani kakupa magongo bila kukufundisha?"

"Na wewe nani kakupa ualimu wa ngazi?"

"Chuo. Miaka minne."

Dada akacheka, vishimo vikatokeza mashavuni, na kijana akasahau alikuwa anapanda kwenda wapi.

Alikuwa mtaalamu wa kurudishia wanamichezo nguvu za viungo, na wagonjwa wake walimwita Fizio. Dada alikuwa mchezaji wa netiboli. Wenzake walimwita Panzi kwa jinsi alivyoruka, mpaka siku alipotua vibaya na kano ya goti ikakatika. Alikuwa na wiki mbili tu tangu apasuliwe. Jumatatu iliyofuata alifika kwenye kliniki alikofanya kazi Fizio, mama yake akimbebea mkoba.

Mimi si mwepesi wa kusifu watu, lakini yule kijana kazi aliijua. Alianza na taulo lililokunjwa chini ya goti: kandamiza, hesabu kumi, achia. Panzi aliyezoea kuruka juu ya mabeki alilia kwa kuinua kisigino tu. Ikaja baiskeli isiyokwenda popote, kisha kuchuchumaa mbele ya kioo, kisha kusimama kwa mguu mmoja juu ya mto huku Fizio akimrushia mpira. Mwisho akamfundisha kuruka upya, kama mtoto.

"Kunja goti, lisiingie ndani. Tua nisikusikie."

"Nimetua kimya."

"Kimya gani? Jirani kafungua mlango!"

Jioni Fizio alimpigia simu.

"Umekandamiza taulo leo?"

"Wanaume wengine wakipiga simu huuliza, umekula?"

"Haya, umekula?"

"Nimekula. Na taulo nimelikandamiza mpaka limeomba msamaha."

Walipendana, kila mtu kwenye kliniki aliliona hilo. Wao wenyewe hawakulitamka, maana mmoja alikuwa mgonjwa na mwingine mtaalamu wake.

Miezi minane baada ya upasuaji, fainali ya netiboli ikawa imebaki wiki tatu. Kocha alisema Panzi hachezi bila karatasi yenye sahihi ya Fizio, na sahihi ilitaka jaribio: kuruka mbele kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Mguu uliopasuliwa ulitakiwa kufikia angalau asilimia tisini ya mguu mzima.

Panzi akaruka kwa mguu mzima. Fizio akapima: sentimita mia na ishirini. Akaruka kwa ule mwingine: mia na kumi na sita.

"Umeona? Karibu sawa! Tia sahihi, mpenzi," akasema, na neno hilo lilikuwa limemponyoka kwa mara ya kwanza.

Fizio hakushika kalamu. "Mwezi wa tano wa matibabu nilipima mguu huo mzima. Uliruka mia na hamsini. Umefupika lini?"

Panzi alikuwa ameuzuia mguu mzima makusudi ili mbovu uonekane umepona. Aibu ikageuka hasira.

"Sema ukweli! Hutaki nipone. Nikipona sitakuja tena hapa, ndiyo maana unanizuia. Unanitaka!"

Fizio akakunja futi yake ya kupimia.

"Nakupenda, ndiyo. Kwa hiyo huna hakika tena kama nakupima wewe au naupima moyo wangu. Una haki ya kuwa na shaka; mtu hawezi kumpima anayempenda. Kuanzia kesho atakutibu bosi wangu."

Akatoka. Jioni hiyo simu haikulia, wala ya kesho yake. Panzi akaona ametupwa, akalia mpaka mama akamwambia, "Mwanangu, basi. Utavimba na macho sasa."

Bosi, mama mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu, alifungua faili mbele yake. Panzi alijiandaa kusoma kwamba yeye ni mwongo. Vipimo vyote vilikuwepo, pamoja na ile mia na hamsini. Chini Fizio alikuwa ameandika: "Atarudi uwanjani, ana moyo wa kazi. Asiharakishwe. Nimeacha kumtibu kwa sababu yangu, si kwa kosa lake."

Panzi akalifunga faili. "Mama, naomba nirudie jaribio."

Safari hii aliruka kwa nguvu zake zote. Mia na hamsini. Mia na kumi na saba.

"Bado wiki sita," bosi akasema.

"Sawa, mama."

Fainali aliitazama kutoka benchi, na timu yake ikashindwa kwa magoli mawili. Iliuma sana. Kesho yake asubuhi alikuwa kliniki, anachuchumaa mbele ya kioo.

Wiki sita zikaisha: mia na hamsini na mbili, mia na arobaini na moja. Bosi akatia sahihi. Panzi akachukua simu, akampigia Fizio.

"Nimefaulu. Sikuficha hata sentimita moja."

"Najua. Nimesikia."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya pazia. Nahesabu bendeji."

Akalivuta pazia. Fizio alikuwa amesimama na boksi mkononi, amekonda kidogo.

"Nisamehe. Nilikudanganya, halafu nikakutukana."

"Nilishasamehe siku ile ile. Niliogopa kupiga simu, usije ukaona nakuwinda." Akaweka boksi chini. "Ila chunga. Ukiumia tena..."

"Nikiumia tena nitakwenda kwa bosi wako. Wewe hunitibu tena mpaka nizeeke."

"Bado hujaniamini?"

"Si ulisema huwezi kumpima unayempenda? Basi mimi nataka niwe mtu usiyeweza kumpima maisha yako yote. Utanioa, au nirudi kwenye kioo?"

Fizio akaokota boksi, akaliweka chini tena.

"Mjibu binti wa watu!" bosi akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Nina wagonjwa hapa, na wote wamesimama kwa mguu mmoja!"

"Ndiyo," akasema Fizio. "Ndiyo, ndiyo."