Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Mkaguzi wa maduka ya usiku alikuja, kama kawaida yao, saa nane mchana. Akasoma masharti: kamera, kitufe cha kengele chini ya kaunta, na kuanzia saa nne usiku wafanyakazi wawili, mtu asiachwe peke yake. Tajiri mwenye duka aliitikia kila sharti kama mtoto wa shule. Kamera ilikuwa ganda tupu. Kitufe kilibandikwa kwa gundi, waya hakina. Mfanyakazi wa pili alikuwa Miwani, aliyeuawa na majambazi palepale kaunta mwaka uliopita. Jina lake lilibaki daftarini. Marehemu haumwi wala haombi likizo.

Kila usiku Mama Pacha, muuzaji, alijiandikisha kwa mkono wa kulia, kisha akamwandikisha Miwani kwa wa kushoto, miandiko isifanane. Asubuhi alijiandikisha kutoka yeye tu. Tajiri alishasema wakaguzi hutazama safu ya kuingia, ya kutoka hawana habari nayo. Mama Pacha hakuwa mjinga, ila mwenye pacha wa mwaka mmoja hachagui uongo wa kumlisha. Alitaka jambo moja: kufika nyumbani kabla hawajaamka. Wifi yake, aliyekuwa akilala na watoto, alimtania jioni ya siku ile ya ukaguzi, "Msalimie mwenzako wa zamu."

Alipofungua daftari, Miwani alikuwa ameshaandikishwa.

Akaigusa sahihi. Wino ukamchafua kidole.

Akampigia tajiri. Tajiri akamwambia asimletee ushirikina kazini, akakata simu.

Saa tisa, taa ya stoo ikazimika. Kiti kikaburuzwa. Akakimbilia mlango, ufunguo ukagoma. Akabonyeza kitufe kisicho na waya.

Kengele ikalia. Stoo.

"Dada," sauti ikanong'ona nyuma ya sikio lake, "mimi sijatoka tangu mwaka jana."

Hakugeuka.

"Nani ananipokea zamu?"

Asubuhi wifi alikuja na pacha, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, polisi wakaitwa wakauvunja. Viatu vya Mama Pacha vilikuwa nyuma ya kaunta, vimeelekea nje. Daftarini, Miwani alikuwa ametoka saa kumi kasorobo. Safu ya kutoka ya Mama Pacha ilikuwa tupu. Wifi akashika kalamu amtoe. Kalamu haikuandika. Akajaribu ya polisi, nayo ikagoma.

Wiki haikuisha, tajiri akaajiri binti mwingine na kumfundisha kumwandikisha Mama Pacha kwa mkono wa kushoto. Binti hajapata nafasi. Kila jioni anakuta jina limeshaandikwa, kwa mwandiko mzuri wa mkono wa kulia, na wino haujakauka.