Lango la Hakunamwinyi

Zama zile pembe za ndovu na wanadamu vilipouzwa katika soko moja, palikuwa na mji msituni, mwendo wa siku tano kutoka pwani, ambao watu wa pwani waliuita kwa dhihaka Hakunamwinyi. Wenyewe walilipenda jina hilo wakalishika. Wote walikuwa watoro, wakiitana "mjoli", yaani mtumwa mwenzangu, wala hapakuwa na mkubwa wa kumwamrisha mdogo. Sheria yao ya kwanza ilikuwa ya ajabu: anayetaka kuingia ataulizwa, anayetaka kutoka hatazuiwa.

Mlinda lango alikuwa Zafarani, mwanamke wa makamo mwenye mkuki mfupi na maneno mafupi kuliko mkuki. Miaka tisa sheria ile haikumsumbua, maana ni nani atokaye peponi kwa hiari? Taabu ilikuja siku ya nne ya kuzingirwa.

Asubuhi hiyo Akida Nasibu, aliyetoka pwani kuwasaka watoro akauzunguka mji kwa magobori sitini, alimleta mbele ya boma mwanamke aliyefungwa kamba shingoni.

"Farijala," alinadi, "mkeo Mashavu huyu hapa. Nakungoja mpaka adhuhuri. Toka wewe, aingie yeye."

Farijala ndiye aliyeichimba njia ya siri iendayo kisimani, nje nyuma ya boma, na akida alikwisha kusikia habari zake. Alishuka kutoka kwenye dungu la walinzi, akajifunga vizuri shuka yake ya marekani.

"Mjoli, nifungulie."

Rehani, aliyeongoza vita kwa kuwa alivijua tu, alifika mbio na kamba ya mbuzi mkononi. "Usifungue, Zafarani. Huyu akionja kiboko ataitaja njia, nao watatuingilia kwa nyuma. Tumo humu watu mia mbili, na watoto. Tumfunge mpaka vita viishe, kisha tumtake radhi. Wahenga walisema, wengi wape."

"Usinifunge, Rehani," Farijala alisema taratibu. "Nimekwisha kufungwa na wanaoijua kazi hiyo."

Zafarani aliogopa, aliogopa hasa. Alijua Rehani hakusema uongo.

"Mimi niliuzwa na wengi," akasema. "Mwaka wa njaa kijiji kizima kiliketi, kikakubaliana niuzwe kwa mtama ili wengine wale. Wakalia, wakaniomba radhi, wakanifunga. Na kweli walipona."

Akawageukia watu waliokusanyika langoni.

"Nawaomba, wajoli, jazeni mitungi, kisha tuizibe njia kwa mawe. Adhuhuri nitafungua."

"Na watoto wakifa kwa kiu?" Rehani akauliza.

"Nitakuwa nimewaua mimi. Nalijua hilo."

Walibeba mawe, na Farijala akabeba pamoja nao, akiiziba njia aliyoichimba kwa mikono yake miwili. Adhuhuri Zafarani aliliondoa gogo la lango. Akida alitimiza ahadi, ili na wengine walioko ndani washawishike. Mashavu akaingia huku mumewe akitoka, wasipate hata kugusana.

Alasiri yote walikisikia kiboko. Rehani alilala kifudifudi juu ya yale mawe, upinde mkononi, akingoja adui. Kesho yake maji yalipimwa kwa kifuu. Siku ya tatu tangu njia izibwe midomo ya watoto ilipasuka, na Zafarani hakuthubutu kumtazama mama yeyote usoni. Lakini kwenye njia ile iliyozibwa hakuja mtu. Siku hiyo hiyo akida, chakula kimemwishia, alivunja kambi akashika njia ya pwani, Farijala akiburutwa nyuma ya msafara. Hakuwa amesema.

Mji ulipokuwa umekwisha kuyaondoa mawe na bado unakimbilia kisimani, Mashavu alisimama langoni. Alama ya kamba ilikuwa ingali mbichi shingoni mwake.

"Nifungulie, dada. Namfuata."

Zafarani alitaka kumwambia kwamba mumewe alijitoa ili yeye akae humu salama. Akalimeza neno hilo. Alipoinama kulishika gogo, alikuta Rehani ameshalishika upande wa pili. Walilitoa pamoja. Rehani akautwaa upinde wake, akamfuata Mashavu bila kumwita mtu, na watu wakaanza kuacha mitungi yao kisimani.

Wasimulizi hawakuhifadhi kama walimfikia Farijala. Walihifadhi kwamba siku ile walitoka watu kumi na wanane, na hakuna hata mmoja aliyeamrishwa.