Siku Tunu Alipomnyima Fundi Shikamoo

Huko Mombo, chini ya milima, palikuwa na msichana wa miaka sita. Jina lake Tunu.

Nyumba ya Tunu ilikuwa na magurudumu sita. Ndani yake mlikuwa na vitanda, jiko na bafu. Watu waliiita gari-nyumba.

Mama yake alikuwa daktari wa macho. Baba yake alikuwa dereva. Walisafiri kijiji hadi kijiji, pamoja na Tunu na mdogo wake mchanga, Saumu.

Juu ya paa palikuwa na viyoyozi viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Vilipuliza hewa baridi. Fuuu, fuuu.

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa sita mchana, vyote viwili vilikohoa. Kho, kho, kho. Kisha vikanyamaza.

Ndani kukawa na joto kama la tanuri. Saumu akatoka vipele shingoni. Akalia. Mchana hakulala. Jioni hakulala.

Baba akampigia simu Fundi Shemhina.

"Hivyo vimechoka," fundi akasema. "Nitaleta vipya Jumatano."

Jumatano ya tarehe 5 ikafika. Fundi hakufika.

Tunu akakasirika. Akakasirika mpaka masikio yakawa moto.

Baba akapiga simu tena.

"Ijumaa bila shaka," fundi akasema.

Ijumaa ya tarehe 7 ikafika. Fundi hakufika. Vipele vya Saumu vilikuwa vimeshuka mpaka mgongoni.

Tunu akakasirika. Akakasirika mpaka masikio yakawa moto.

Jumatatu ya tarehe 10, saa tatu asubuhi, fundi akaja. Alileta ngazi, spana na maboksi mawili makubwa.

Alisimama mlangoni akamtazama Tunu. Alisubiri kuamkiwa.

Tunu akafumba mdomo.

"Tunu, mwamkie fundi," Mama akasema.

"Simwamkii. Alisema Jumatano."

"Tunu," Baba akasema, "mkubwa hanyimwi shikamoo."

"Na Saumu hanyimwi usingizi," Tunu akajibu.

Fundi akavua kofia, akakuna kichwa.

"Nina miaka hamsini na tisa," akasema polepole. "Sijapata kunyimwa shikamoo. Leo nimenyimwa."

Akapanda juu ya paa.

Krrk, krrk. Alifungua boliti. Kiyoyozi kikuukuu cha mbele kikashushwa kwa kamba. Paa likabaki na tundu la mraba, na jua likaingia ndani.

Fundi akasafisha ukingo wa tundu. Akaweka mpira wa kuzuia mvua. Juu ya mpira akaweka kiyoyozi kipya. Krrk, krrk. Akakaza.

Fuuu, fuuu. Mbele kukawa na baridi.

Fundi akapangusa jasho. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Cha nyuma, kesho," akasema.

Tunu akakasirika. Akakasirika mpaka masikio yakawa moto. Akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Saumu analala nyuma," akasema. "Na kesho yako, fundi, ni ndefu mno."

Mama hakumkemea. Baba naye hakumkemea.

Fundi akainama, akachungulia dirishani. Alimwona Saumu kitandani. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

Fundi akaurudisha mguu wake juu.

"Basi sishuki," akasema. "Sishuki mpaka hiki nacho kipulize."

Krrk, krrk.

Tunu alisimama chini akimtazama. Masikio yake yalikuwa bado moto. Hata hivyo, akasema kwa adabu, "Shikamoo, fundi."

Fundi alikuwa ameshika boliti kwa meno. Akaitoa kwanza.

"Marahaba, binti yangu. Nipe ile spana ndogo, Baba Tunu, tusimcheleweshe mtoto."

Saa nane kamili mchana, hewa baridi ikashuka juu ya kitanda cha nyuma. Fuuu, fuuu.

Saumu akaacha kulia. Akapiga mwayo. Akalala.

Tunu akajilaza kando yake. Mama akawafunika wote wawili kwa khanga.

"Bado umekasirika?" Mama akamnong'oneza.

"Kidogo," Tunu akasema. Macho yake yalikuwa yanajifumba. "Nitamalizia nikiamka."

Akalala.