Sindano ya Mama Kitandani

Ditram alikutwa mchana kweupe kitandani, ameungua, ndani ya gari lake la kulala lililoegeshwa Mikumi. Pombe ilimlaza, moshi ukammaliza.

Nassir, fundi wa Kilosa aliyefunga chaja kati ya betri ya injini na betri ya nyumba, yaani ile ya taa za ndani ya gari, alishachezea kichapo cha wananchi. Inspekta Hildegarda hakumwonea huruma hata chembe.

"Umeua mtu, we Nassir! Utanyea debe mpaka uzeeke."

"Afande, haki ya Mungu, niliweka fyuzi pande zote mbili! Waya ukigusa chuma, fyuzi inakata."

"Wauaji wote mna maneno."

Akarudi kwenye mabaki kwa hasira, apate cha kumfungia. Akainua kitanda. Ala! Kwenye betri ya nyumba, mahali pa fyuzi, palikuwa pamekazwa sindano nene ya kushonea magunia. Waya ulikuwa umekwanguliwa mpira hadi shaba, ukalazwa chini ya fremu ya kitanda. Mtu akilala tu, chuma kinagusa shaba. Hildegarda aliona aibu, kisha akakasirika zaidi, akamrudia fundi mahabusu.

"Nassir, ulipokabidhi gari uliwaonya nini?"

"Wasitoe fyuzi wakaweka chuma. Na waya usichubuke, gari litawaka."

"Nani alikusikiliza?"

"Marehemu alikuwa anachezea simu. Mke wake ndiye aliyeniomba nirudie."

Bibiana, mjane, alikuwa mkekani msibani, kazungukwa na wanawake. Hildegarda akamwekea mbele mfuko wa kielelezo.

"Pole, dada. Hii sindano ya nani?"

"Ya marehemu mama yangu."

"Nani kaiweka kwenye betri?"

"Mimi." Hakupepesa jicho.

"Kwa nini?"

"Aliuza shamba la mama kule Kidete, anunue hilo dude lake. Nilimpigia magoti. Nikamwambia mama kazikwa mle. Akanicheka! Nilipokwenda kufagia kaburi, nikakuta trekta limeshapita juu yake. Sijui hata kichwa kilikuwa upande gani. Nilimchukia, afande. Namchukia hata sasa."

Wanawake wakasogea mbali naye. Hildegarda akamtia pingu, akapiga simu kituoni fundi aachiwe.

Bibiana alimfuata bila ubishi. Mlangoni akageuka, akautazama ule mfuko.

"Kesi ikiisha, sindano nitarudishiwa? Ndiyo pekee niliyobaki nayo ya mama."

"Hapana. Umeiulia mtu."

Hapo ndipo Bibiana alipoanza kulia.